Mama Funguo na Watu Wasiopiga Kelele

Jumamosi asubuhi, mvua imekatika sasa hivi. Mwanamke mwenye gauni la kazi la buluu anapanda ngazi mbilimbili, mkono mmoja umekamata pindo, mwingine unahangaika na rundo la funguo. Nyuma ya mlango wa ukumbi, ghorofa ya tatu, kuna watu. Yeye ndiye aliyewafungia.

"Nilijua leo kibarua kimeota nyasi," anasema.

Jengo zima linamwita Mama Funguo. Ana miaka sita akisafisha ukumbi huo, unaokodishwa na makundi manne, kila moja na njia yake ya kutafuta mwamko wa roho. Hahitaji kutazama kalenda kujua nani alikuwepo jana. Wa yoga huacha mikeka imelowa jasho. Watu wa dhikri, wanaolitaja jina la Mungu kwa pumzi moja mpaka madirisha yatetemeke, huacha chumba kina joto kama kimepikiwa. Wakristo wa sala ya kimya huacha vitambaa vya karatasi vilivyofutiwa machozi.

Wa Jumamosi, ambao huketi wameelekea ukuta wakifuata pumzi zao tu, hawaachi kitu. Hata sauti.

Hapo ndipo alipoponzwa. Kwa kawaida huwatambua kwa viatu vyao ngazini. Siku hiyo, kwa kuogopa mvua, waliingia navyo ndani. Alisikiliza mlangoni: kimya. Akadhani mvua imewazuia, akafunga, akaenda kununua sabuni. Aliporudi, mlinzi akamuuliza, "Mama Funguo, wale wa ukutani mbona hawajashuka?"

Akaiacha sabuni hapo hapo, akakimbilia ngazi. Mwezi uliopita alisahau bomba wazi, maji yakamshukia fundi cherehani wa chini, na mwenye jengo akamwambia wazi kwamba kosa jingine ni funguo mezani. Nyumbani ana binti anayesoma na mama asiyejiweza. Anayewalisha ni yeye peke yake.

Hatimaye ufunguo unakubali. Anausukuma mlango taratibu. Migongo kumi na miwili. Hakuna hata mmoja anayegeuka. Kanuni yao ni kwamba mtu akishaingia hafungui kinywa mpaka kengele ilie, na kengele iko mbele ya mzee anayewaongoza.

Kuondoka anaogopa, kusema haruhusiwi. Anaketi sakafuni, nyuma kabisa.

"Moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi," anasimulia. "Nikajaribu kila nilichowahi kukisikia nikifagia. Nikashusha pumzi polepole kama wa yoga. Nikataja jina la Mungu. Nikarudia ile sala fupi ya Wakristo wa Jumatano. Vyote kwa pamoja! Kichwa kikawa soko."

Mwalimu wa yoga, mwanamke mcheshi mwenye sauti nene, alicheka baadaye aliposimuliwa. "Ah, dada yangu, usituchanganye kama mboga! Sisi tunautuliza mwili ili akili ifuate. Wenzetu wa dhikri wanauamsha moyo kwa Jina. Wa sala wanamngoja Mungu awafikie. Wale wa ukutani hawangoji chochote. Sote tunapitia kwenye pumzi, lakini hatuendi nyumba moja."

Alipochoka kujaribu, Mama Funguo aliacha tu. Akasikia maji yakidondoka kutoka paani. Mabega yakamshuka.

Kengele ikalia. Mzee akageuka.

"Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi, mzee wangu. Nisamehe, sikujua kama mpo."

"Jumamosi ijayo funga tena."

Akadhani anasutwa. Mzee akaendelea, "Kila wiki kuna mtu anachungulia kuuliza kama humu ndimo kwenye kikao cha msiba. Leo ndiyo mara ya kwanza tumetulia. Ila na wewe uketi humu ndani na funguo zako. Moto ukiwaka, nani atatutoa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mwenyewe akampigia simu mwenye jengo, kabla umbea wa mlinzi haujafika, akamwambia hakuna mwenye malalamiko. Mama Funguo alitoka, akaketi ngazini, akalia mpaka kilemba kikalegea. "Machozi ya kutua mzigo," anasema. "Matamu hayo."

Jumamosi ijayo atafagia mapema, kisha atavua viatu aketi nao. Binti yake ameshaanza kumtania: "Mama, utatuletea unyamavu mpaka mezani?"

"Ningeuweza ningeuleta," anajibu. "Mimi nikikwama chooni kidogo tu, naita ukoo mzima. Wale wamesikia kufuli likigeuka, na hakuna aliyeita hata jina la mama yake. Hicho walicho nacho ndicho nikitakacho, hata kijiko kimoja."