Nilikata waya wa amplifaya, mama wa rafiki yangu akaamini ni Mungu

Mimi ndiye niliyemuua rafiki yangu. Wacha nianze hapo, kwa sababu nikianza na mambo ya muziki nitajitetea mpaka mnionee huruma, na huruma yenu siitaki.

Sikumuua kwa kisu. Nilimuua kwa koleo ndogo ya fundi, mchana, watu wakinipigia makofi.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Kawangware, upande wa kwenda Satellite. Kwetu ni Kitui. Mzee wangu angependa nisikilize magitaa ya Kikamba kama ndugu zangu, lakini sikio langu lilienda kwingine kabisa. Kuna mteja aliniletea redio kaseti, kaseti ikiwa bado ndani, halafu akapotea. Nilipoitengeneza nikabonyeza nisikie kama inaimba. Wueh! Roki ya zamani, ya wale wazungu wenye nywele ndefu. Jamaa anaimba kama ameumizwa, halafu anaacha gitaa limalizie yale yaliyomshinda kusema. Siku hiyo sikufanya kazi nyingine. Nilisikiliza hiyo kaseti mpaka utepe ukaliwa.

Ukipenda kitu ambacho mtaani hakipendwi, unaishi ukitafuta mwenzako. Mimi nilimpata Odhiambo. Alipita mbele ya duka na tisheti ya mtumba yenye picha ya bendi, nikamuuliza kama anajua amevaa nini ama ni nguo tu. Hakunijibu. Alisimama pale mlangoni, akafunga macho, akaniimbia wimbo mzima mpaka mama wa mboga akaacha kukata sukuma. Tangu siku hiyo tukawa kama tumezaliwa tumbo moja. Watu wote walimwita Odhis.

Tulikuwa saba hivi mwishowe. Mjenzi mmoja, mama wa chapati, walinzi wawili wa Nyayo Highrise, na wengine. Kila Jumamosi saa nane tulikutana Kibera, Kisumu Ndogo, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya hoteli ya samaki. Watu wazima tumevaa jaketi za ngozi za mtumba kwenye jua la Nairobi, tunatoa jasho, tunabishana ni nani alilia na gitaa kuliko wengine. Ungepita nje ungefikiri tunagawana shamba.

Lakini aliyejua kupiga alikuwa Odhis peke yake. Alikuwa na gitaa jekundu la umeme ambalo shingo yake ilivunjika zamani ikagundishwa na seremala. Alijifunzia kupiga kanisani kwa mama yake, kisha akaacha bendi ya kanisa kwa sababu ya roki. Mama Odhis anauza omena, dagaa wa ziwani, huko huko Kisumu Ndogo. Alimwambia kijana wake wazi kwamba huo ni muziki wa shetani, na kwamba Mungu hachezewi. Odhis alicheka mbele yetu, lakini mimi nilijua lilimuuma. Aliniambia mara nyingi kwamba anataka mathe aje amsikie mara moja tu, halafu aseme atakalo.

Sasa, amplifaya. Mimi ndiye niliyeifufua kutoka kwa vyuma vya kutupwa, na nilikuwa na maringo nayo. Ilikuwa na shida moja. Ilinguruma. Mmmmm, muda wote. Odhis akipiga ile sehemu ya polepole, ya kukukamua machozi, unasikia ngurumo juu yake. Na watu wa roki ya zamani wana kero bana! Mmoja akasema kwenye kaseti hakuna kelele kama hiyo. Mwingine akaniuliza kama kweli mimi ni fundi ama ninajaribu.

Hilo neno lilinichoma.

Kila fundi anajua dawa halisi ya ngurumo. Unafungua, unatafuta inatoka wapi, unapoteza siku mbili tatu. Na kila fundi anajua dawa ya uvivu pia. Ndani ya ile kebo kubwa kuna waya wa kijani wenye mstari wa njano. Kazi yake ni kupeleka umeme ardhini mashine ikiharibika, ili usimpate mtu. Ukiukata, mara nyingi ngurumo inakufa. Mashine inaendelea kupiga kama kawaida, tena safi kuliko mwanzo. Lakini siku umeme ukivuja ndani, unakaa kwenye chuma, unapita kwenye nyuzi za gitaa, na unamngoja mtu aguse kitu kingine kilichounganishwa na ardhi, kama maiki.

Nilikuwa najua. Haki ya Mungu nilikuwa najua! Nilishika koleo nikaukata, kimya kikaingia ukumbini, Odhis akapiga noti moja ikasimama hewani peke yake. Wote wakanipigia makofi. Mama wa chapati akanipa mbili za bure.

Jumamosi mbili baadaye Odhis akaniita pembeni. Akasema, "Bro, hii maiki inaniuma midomo. Kama siafu hivi."

Na mimi nikamwambia, "Hiyo ndiyo roki yenyewe. Lazima ikuume."

Tukacheka. Yeye pia alicheka. Nikamwahidi nitaangalia Jumatatu, na Jumatatu ikapita. Msifikiri nilisahau. Tulikuwa tumealika watu Jumamosi iliyofuata, na sikutaka ngurumo irudi siku ya wageni wanione mimi si fundi. Niliweka jina langu mbele ya mdomo wa rafiki yangu. Hapo ndipo ninaposhindwa kujisamehe, hata kuliko pale kwenye kukata.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Paa lilivuja, sakafu ikalowa, tukafagia maji kwa mifagio na kuendelea. Odhis alikuwa na mazoea ya kuvua viatu akipiga. Watu walijaa mpaka nje. Alipomaliza wimbo wa kwanza nikaona anatazama mlangoni, nikageuka. Mama yake alikuwa amesimama pale na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, mikono ameikunja. Amekuja!

Odhis akasema, "Huu ni wa mathe."

Akaanza wimbo wa kanisa lao, ule wanaoimba kwa Kijaluo wakati wa sadaka. Lakini aliupiga kwa njia yetu, gitaa likivuta, likipanda, likikaa juu. Mimi si mtu wa kulia lakini nililia. Nilimwangalia mama. Mikono ilikuwa imeshuka. Midomo ilikuwa inasonga. Alikuwa anaimba na mtoto wake.

Mpaka hapo Odhis alikuwa amepiga tu. Sasa akasogea kwenye maiki aimbe naye.

Hakupiga kelele. Alikauka, vidole vimeng'ang'ania nyuzi, mdomo kwenye maiki. Watu walifikiri anacheza roki, wengine wakashangilia. Mimi peke yangu mle ndani nilijua ninachokiona. Niliruka juu ya viti nikang'oa plagi, akaanguka. Tulimkimbiza hospitali akiwa kwenye mkokoteni wa maji. Karatasi waliyotupatia huko iliandikwa kwamba moyo ulisimama, basi.

Ningesema pale pale. Wangenipiga, wangenifunga, sawa. Sikusema.

Nilibeba amplifaya nikairudisha Kawangware. Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, niliifungua nikakuta umeme umevujia wapi. Nikabadilisha kifaa kilichoungua. Nikauunganisha tena waya wa kijani vizuri kabisa, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumatatu wazee wa mtaa waliitisha mkutano kwenye ukumbi ule, kwa sababu watu walikuwa wanasema ni umeme. Na nani fundi wa kuulizwa? Mimi. Nikairudisha mashine, nikaichomeka mbele ya wote. Nikavua viatu. Nikashika nyuzi za gitaa kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono wa pili, nikasimama hapo nikiwatazama. Hakuna kilichonipata. Nikasema, "Mashine ni nzima. Umeme uko sawa."

Mama Odhis alikuwa ameketi mbele. Aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi ni Mungu."

Jamani, mwanamke huyo alimuuliza fundi, na fundi akamjibu kwamba ni Mungu aliyemuua mtoto wake. Sikutamka hayo maneno, lakini ndiyo niliyomwambia.

Alimpeleka nyumbani ziwani wakamzika siku moja tu, bila muziki, bila kukesha, yeye ambaye watu wake huzika kwa wiki nzima na ngoma. Alichoma tisheti zote. Alinipa lile gitaa nikalichome pia, kwa sababu hakutaka kulishika. Nikamwambia nimelichoma. Uongo. Lilikaa chini ya meza yangu limefungwa kwenye gunia, na tangu siku hiyo sijaweza kusikiliza roki. Ikianza kwenye redio ya mteja naizima. Kikundi chetu kilikufa. Walinzi wale wawili tukikutana njiani tunasalimiana niaje, niaje, na kila mtu anashika njia yake.

Kilichonimaliza ni kanisa. Mama wa chapati aliniambia kwamba kila kukiwa na ushuhuda, Mama Odhis husimama. Huwaambia vijana kwamba mwanawe alichukua wimbo wa Mungu akauweka kwenye gitaa la shetani, na Mungu akampiga mdomoni. Mdomoni! Miaka miwili anasimama mbele ya watu kumtangaza mtoto wake kuwa mtu wa jehanamu, na anafanya hivyo kwa sababu ya koleo yangu.

Mwanzoni mwa wiki hii nilichukua gunia nikaenda Kisumu Ndogo. Nilimkuta anatandaza omena. Akaniita "nyathina," mtoto wangu, kama alivyoniita siku zote, akanivutia stuli. Sikuketi. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama: waya, siafu wa midomoni, Jumatatu niliyoipitisha, jinsi nilivyouunganisha tena kabla ya mkutano.

Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia. Hakukiweka chini.

Akaniuliza, "Kwa hivyo Mungu hakumkasirikia?"

Nikamwambia hapana, mama.

Mteja akaja, mama akamwambia arudi baadaye. Kisha akasema, akiangalia omena wala si mimi, "Mimi nilikuwa naimba naye. Nilifikiri nimemsaidia kutenda dhambi. Miaka miwili naomba msamaha kwa sababu niliimba na mtoto wangu."

Ningetaka anipige. Ningetaka aite watu. Alifungua gunia, akatoa gitaa, akapitisha kidole kwenye shingo pale seremala alipogundisha. Akaliweka mapajani kama mtu anayepakata mtoto. Ndipo akaniambia jambo la mwisho, na tangu hapo hajaniita mtoto wake tena.

"Jumapili utakuja kanisani. Utasimama pale ninaposimama mimi. Utawaambia."

Fundi mwenzangu unayesoma hii, wa redio, wa disko, wa kanisa, wa matanga: usikate huo waya. Acha ingurume. Acha wakucheke waseme hujui kazi. Na mtu akikwambia maiki inamuuma midomo, zima kila kitu saa hiyo hiyo, hata kama ukumbi umejaa, hata kama mama yake amekuja. Na kama tayari umekosea, sema siku ya kwanza. Kosa langu la kwanza lilimpata mtu mmoja. Nilipomficha mama yake ukweli, nilimzika Odhis mara ya pili, kila Jumapili, kwa mdomo wa mama yake mwenyewe.

Leo ni Alhamisi. Nimeandika hapa kwanza kwa sababu hapa hamnijui, na nilitaka kuona kama haya maneno yanaweza kunitoka. Yametoka. Lakini kusema bila jina ni rahisi, hata mimi naona. Watakaokuwa kanisani siku hiyo wananijua sura, ndio walewale walioniona nimeshika nyuzi na maiki nikiwaambia mashine ni nzima.

Mama Odhis amesema atalileta gitaa. Amesema lazima liwepo.