Filimbi Isiyosikika Siku ya Posa ya Skola

Ashukuriwe Mungu, aliyenipa umri wa kutosha kuaibika mbele ya wakwe na bado akaniachia meno ya kuchekea. Nasimulia mwenyewe, maana hapa Malangali, Ufipa, wanaonisimulia ni wengi, na kila mmoja anaongeza chumvi.

Binti yangu Skola amesomea mitambo, na ndiye aliyefunga vile vidude kwenye ukumbi wa Izia, vidogo kama kipande cha sabuni, vimebanwa ukutani, vinapiga filimbi ambayo sikio la mtu haliinasi (langu siku hizi halimnasi hata mke wangu, ila hayo ni mengine), lakini simu iliyowekewa programu yake inaisikia, inajua kidude gani kiko karibu, na kwenye kompyuta ya Skola inatokea nukta: simu ya fulani iko pale. Alivifunga kwa sababu watu walikuwa wanapoteza simu kwenye sherehe. Mimi niliwekewa programu hiyo wa kwanza, nikajisifu kanisani hadi padre akaniomba nipunguze.

Basi wakwe wakatoka Mbeya kuleta posa, tukawapokea ukumbini humo humo. Upepo wa Juni ulikuwa unapenya chini ya mlango, na mama wa kijana, Mama Tumaini, anatetemeka ndani ya kitenge chake kizuri. Mimi, Mkristo mwema, nikavua koti langu zito nikamfunika mabegani.

"Mungu akubariki, mkwe," akasema.

Likumbukeni hilo koti, kwa sababu mimi nililisahau.

Mshenga wao akiwa katikati ya maneno yake matamu, nikapapasa mfuko wa suruali kutafuta simu. Haipo. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona nafasi ya kuonyesha elimu ya mwanangu.

"Samahani, mshenga. Simu yangu imetoweka, lakini msiwe na hofu, binti mnayemposa ataipata bila hata kutafuta."

Skola alikuwa chumba cha pembeni na shangazi zake (binti haonekani mpaka aitwe rasmi, na mila hiyo nikaivunja mwenyewe). Akaja na kompyuta, akaangalia, akaninong'oneza, "Baba, tuiache. Nitakuambia baadaye."

"Sema kwa sauti, mama, wakusikie!"

"Baba, hiki chombo kinaonyesha simu ilipo. Hakisemi imefikaje."

Nikamnyang'anya kompyuta. Nukta ilikuwa inawaka kwenye meza ya wageni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatangaza, "Haya, meza ile, aliyeiokota kwa bahati mbaya airudishe tu, hatutauliza."

Ukumbi ukanyamaza hadi nadhani hata mimi ningeweza kuisikia ile filimbi.

"Mzee, umetuita wezi?" mshenga akauliza polepole.

"Sijasema wezi. Nimesema meza."

"Kiti kipi?"

Na kidole changu, bila kuniuliza, kikamwelekea Mama Tumaini.

Akasimama. Akavua koti, akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa leso yangu, akaiweka mezani. Akatoa rozari. Kisha simu.

"Vyote hivi nimekuibia, mkwe? Na rozari pia?"

Wageni wakaanza kukusanya mikoba. Kijana wao, Tumaini, akamtazama Skola, Skola akatazama sakafu, na hapo nikaona kwamba nilikuwa namfukuzia mwanangu mume kwa kidole kimoja. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya kuomba radhi kama tulivyofundishwa na babu zetu, mke wangu nyuma yangu akisema, "Piga kwa nguvu, baba Skola, hawajasikia huko Mbeya."

Mshenga akacheka kidogo, akakaa. "Tulikuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari," akasema. "Sasa wa kwanza atatoka kwenu."

Na kweli ng'ombe akatoka kwangu. Sijui mzee mwingine Ufipa aliyetoa ng'ombe kabla ya kupokea hata mmoja ili binti yake aolewe. Walioana, nashukuru. Koti, Mama Tumaini aliondoka nalo, wala sikuthubutu kulidai.

Tangu siku hiyo nimeapa: kikipotea kitu, najipapasa mwenyewe kwanza, halafu nakumbuka nimempa nani nini, halafu nanyamaza. Nawe unayesoma, Mungu akulinde wewe na wakwe zako, na kila unachokitafuta akuonyeshe kabla hujanyoosha kidole.