Kisiki cha Magamba Chahamia Majengo

Jirani yangu wa hapa Majengo, muuguzi mstaafu, aliona kwenye gazeti kuukuu picha ya bonsai: mti wa miaka mingi unaoishi ndani ya bakuli, mfupi kuliko kuku. Tangu siku hiyo hakutulia. Mvua zilipoanza alinivuta hadi Magamba, kwenye shamba alikokuwa ameona kisiki cha mkwaju kilichojikunja kama mtu anayecheza ngoma.

“Mnataka kuni?” akauliza mzee mwenye shamba.

“Hapana, nataka kisiki hiki nikakipande nyumbani,” akajibu jirani yangu.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisiki hicho kilikuwa kinamvunjia majembe tangu aoe.

“Chukueni, na vingine vipo!” Akainua shoka akate mizizi. Jirani yangu akajitupa juu ya kisiki na gauni lake la kanisani.

“Usikate! Hii midogo ndiyo inakunywa maji!”

Basi tukachimba kwa mikono, mke wa mzee akipiga vigelegele kila mzizi ulipotoka mzima.

Wiki zilipita kikiwa kikavu ndani ya bakuli, jirani yangu akikikagua kama mgonjwa wodini. Siku kilipochipua alicheza uani peke yake.

Wale wa Magamba walikuja kuona. Mzee alizunguka bakuli, akagusa jani kwa kidole. Mke wake akautazama upara wa mumewe, kisha akamgeukia jirani yangu.

“Dada, bakuli la kumtosha huyu linapatikana wapi?”

Mzee ndiye aliyecheka kwanza. Msomaji, ukilijua duka niambie, maana na mimi nywele zimeanza kuniaga.