Wanafunzi Wasio Hai

Mkataba wangu ulisema mimi ni msaidizi wa wanafunzi wa mtandaoni. Chuo kikuu kilikuwa Dar es Salaam. Sisi wa Kilosa tulikuwa kituo chake kidogo: chumba kimoja kwenye jengo la chama cha ushirika kilichokufa, kompyuta tatu, na waya wa simu ulioleta intaneti siku ulizopenda wenyewe. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, matangazo ya simu za mkononi yanapakwa kwenye kuta za maduka, na kila mkubwa aliyepanda jukwaani anahubiri utandawazi. Chuo nacho hakikutaka kuachwa nyuma. Kikatangaza kwamba masomo ya mwaka wa kwanza yatafundishwa mtandaoni na kazi zote zitatumwa huko huko. Karatasi hazipokelewi tena.

Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Kulikuwa na karani wa mizani ya miwa kutoka Ruhembe, na mzee mmoja wa Munisagara, kibarua wa zamani wa reli, aliyekuja kwa miguu akifuata mataruma. Ninayemkumbuka kuliko wote ni mwalimu wa darasa la pili kutoka Zombo, mama mwenye umri wa mama yangu. Kila Jumamosi alidandia gari lolote lililokuwa likija Kilosa, akaingia na kitenge chenye vumbi, akasubiri nimwamkie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo upo huo mtandao wenu?"

Mara nyingi haukuwepo. Basi walichapa kazi zao kidole kimoja kimoja, wakazihifadhi kwenye flashi, tukangoja. Mwalimu alitumia Jumamosi nne kuchapa kurasa sita. Nilipojitolea kumchapia alinitoa kwenye kiti.

"Shahada itaandikwa jina la nani? Lako?"

Wiki moja kabla ya mwisho wa kutuma kazi, ilikuja barua kutoka makao makuu. Iliandikwa na mratibu wa masomo ya mtandaoni, kijana msomi niliyemwona mara moja tu, kwenye semina. Ilisema wanafunzi wasioonekana kwenye mfumo kwa muda mrefu wahesabiwe kuwa "wasio hai", na mimi niwataarifu kwamba wataondolewa kwenye orodha. Majina yalikuwa yameambatishwa. Yalikuwa yote kumi na moja.

Sikuwataarifu kama nilivyoagizwa. Jumamosi ile niliibandika barua ubaoni, nikawaambia waisome wenyewe, kisha nikasema ninachokusudia: Mikumi kuna intaneti ya uhakika, iko kwenye barabara kuu, wanipe flashi na maneno yao ya siri, niende kuwatumia kazi zote kwa siku moja.

Mwalimu alikuwa bado amesimama mbele ya ubao.

"Mimi si hai?" aliuliza, kama anayemuuliza mtoto nani kavunja kioo. Kisha akanigeukia. "Na neno langu la siri sikupi. Nimefundisha miaka ishirini, nawachapa watoto wa watu kwa kunakiliana. Leo nikupe wewe uingie kwa jina langu? Tunakwenda wote."

Nilijaribu kumweleza kwamba anayeweza kupewa kibali cha kusafiri ni mimi peke yangu, na kwamba kibali chenyewe sijakiomba. Hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wameshaanza kupanga nani atamwachia nani watoto.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho wa kutuma kazi, nilifunga kituo, nikaacha karatasi mlangoni: *Tumekwenda Mikumi kusoma.* Tulishuka pale saa nne asubuhi. Duka la intaneti lilikuwa karibu na nyumba za wageni wanapolala madereva wa malori, na mwenye duka alitupa mashine mbili. Mwalimu alikaa wa kwanza. Akaandika namba yake ya usajili, akatufukuza kwa mkono tusione neno la siri, akabonyeza. Ukurasa ulifunguka papo hapo, jambo ambalo Kilosa hatukuwahi kuliona. Katikati yake palikuwa na mstari mwekundu: akaunti imefungwa.

Karani wa Ruhembe akajaribu. Imefungwa. Mzee wa Munisagara, imefungwa. Walikuwa wametufungia kabla hata siku ya mwisho haijafika.

Nilitoka nje, wote wakanifuata, nikampigia mratibu.

"Dokta, niko Mikumi na wanafunzi. Tunaomba utufungulie akaunti."

"Wanafunzi gani?"

"Wa Kilosa. Kumi na mmoja."

"Hao hawapo. Hawajaingia kwenye mfumo tangu muhula uanze. Mfumo hauongopi, dada."

"Mfumo haujawahi kufunguka Kilosa, Dokta. Nimekuandikia mara tatu. Wanafunzi wapo, wamesimama mbele yangu."

"Waje makao makuu wajieleze."

Mwalimu alikuwa pembeni yangu. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaiweka sikioni, akakaa kimya.

"Haloo?" nilimsikia mratibu. "Haloo?"

Mwalimu kimya. Lori lilipita, likapita jingine. Nikadhani mtandao umekatika, mpaka nilipoiona sura yake nikaelewa. Alikuwa anangoja. Ilichukua muda, lakini nafikiri kuna mahali mratibu naye alilelewa.

"Shikamoo," ilisema simu, kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mimi ni mmoja wa wale maiti wako." Hakucheka. "Nimeamka alfajiri, nimeacha watoto sabini na mwalimu mmoja. Kazi yangu ninayo hapa, nimeichapa mwenyewe. Kujieleza sitakuja, sina kosa. Wewe fungua. Sisi tunakaa hapa mpaka utakapofungua, na tukikosa gari tutalala hapa hapa. Haya, kazi njema."

Akanirudishia simu, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake mbele ya ule mstari mwekundu. Wengine wakajipanga ukutani. Madereva waliokuja kuandika barua pepe zao walituangalia, wakaondoka. Mwenye duka alianza kunung'unika, mzee wa Munisagara akamwambia akae atulie, na akatulia.

Saa nane mstari ule ulitoweka.

Hatukushangilia, muda haukutosha. Mmoja alituma, akainuka, mwingine akakaa. Hadi saa kumi na nusu, watu tisa walikuwa wametuma. Flashi ya yule mzee iligoma kufunguka kwenye mashine zote mbili, na dada mmoja alikuwa amesahau neno lake la siri. Hao wawili nilipigania wapewe wiki moja zaidi, nikakataliwa. Yule dada alirudia mwaka. Mzee aliacha. Alisema hana ugomvi na mtu, ila miguu imechoka. Mpaka leo sijakubali kwamba lile lilikuwa kosa lake.

Mwezi uliofuata niliandikiwa karipio: nimetelekeza kituo, nimesafirisha wanafunzi bila idhini, nimewapa namba ya simu ya kiongozi. Nilitakiwa kuomba radhi kwa maandishi. Nikaandika ukurasa mmoja. Nilieleza tarehe ambazo intaneti ilipatikana Kilosa, ambazo hazikufika tano, na kwamba hata siku hizo mfumo haukufunguka, nikaeleza gari na umbali, nikamaliza kwa kusema kwamba nikikutana na hali ileile nitafunga tena mlango na kwenda Mikumi. Neno radhi halikuwemo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza.

Mwalimu alichukua miaka sita kumaliza. Siku ya mahafali nilikwenda Dar es Salaam kwa nauli yangu, nikakaa na wanawe. Walipolitaja jina lake ukumbini kwa haraka, wakakosea kulitamka, alisimama palepale njiani na joho lake, foleni nzima ikakwama nyuma yake, mpaka waliporudia wakalisema sawasawa. Ndipo akapanda.