Minyoo Niliyoiua kwa Joto

Kazi yangu kwenye maabara kule Masoro ni kulisha viwavi. Ni wale wa nondo anayeharibu nta ya mizinga. Tunawanenepesha kwa pumba na asali, kisha tunawaambukiza minyoo midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Minyoo humwingia kiwavi, naye hufa kwa siku mbili hivi, nayo ikazaliana humo kwa maelfu. Tunaihifadhi kwenye sponji yenye unyevu ndani ya friji, hadi mkulima aichanganye na maji na kuwamwagia wadudu wa udongoni. Mtu haimdhuru, wala kuku. Nikirudi nyumbani Nyamirambo nanukia asali, na majirani hudhani nafanya kazi kiwanda cha biskuti. Sijawahi kuwasahihisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mkulima mmoja wa kumfuatilia, mama mjane aliyelima kabichi bondeni, chini ya mtaa wetu. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Msimu uliotangulia alipulizia sumu bila kujifunika uso, akaanguka katikati ya matuta. Alipopata nafuu mikono ilimtetemeka siku nyingi, hata kushika kijiko kukawa shida. Akaapa hatagusa sumu tena. Lakini kila asubuhi alikuta miche imelala, shina limekatwa usawa wa udongo na viwavi wanaojificha ardhini.

"Minyoo?" aliniuliza nilipomweleza. "Mimi najua minyoo ya tumbo, binti. Hii yako iko inakula nini?"

"Inawala hao wanaokukatia kabichi, mama."

"Na ikiwamaliza?"

"Ikikosa chakula inakufa."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Lete."

Siku ya kuipeleka, mkuu wangu aliniomba nipitie ofisi za serikali kule Kacyiru nikatafute saini ya kibali. Mwenzangu alikuwa ameondoka na kisanduku cha barafu, basi nikatia sponji mkobani na kupanda pikipiki. Ofisini nilikaa kwenye foleni hadi saa nane mchana, mkoba ukiwa dirishani, juani. Nilipoingiza mkono, kifurushi kilikuwa na joto kama chapati iliyofunikwa. Minyoo hii haivumilii joto, na mimi nilijua. Ningeweza kurudi kazini nikaitazama kwa hadubini kama ingali hai. Lakini nilimwonea haya mkuu wangu, na mama alikuwa ananingoja. Nikashuka bondeni.

Jioni ile tulimwagilia pamoja, yeye na debe lake, mimi na langu. Alikuwa akiinama kwenye kila mche kana kwamba anamnywesha mtoto.

Baada ya wiki nikarudi. Matuta matatu yalikuwa matupu. Aliniletea kigoda, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, binti. Nafikiri nilimwaga maji mingi, minyoo yako ikazama."

Hilo ndilo lililonishinda. Angenilaumu, huenda ningejitetea. Nikamwambia yote: foleni, dirisha, joto mkononi mwangu.

"Ulijua kabla ya kumwaga?"

"Nilijua, mama."

Aliokota mche uliokatwa, akaupapasa, akauweka chini. "Ile siku nilianguka," akasema, "mwenye duka alijua dawa iko kali, hakuniambia. Mpaka leo hajaniambia. Wewe umesema." Kisha akaongeza, "Lakini mara hii nakuja kuchukua mwenyewe."

Kweli alikuja Masoro, na kitenge safi, amebeba ndoo ndogo yenye majani mabichi ya mgomba yaliyolowa. Nilikuwa nimeshamweleza mkuu wangu kosa langu. Alinikaripia, kisha akanipa kifurushi kingine. Nilimketisha mama mbele ya hadubini. Alifumba jicho moja, akaona vile vijiuzi vikijinyonganyonga majini, akacheka kimya kimya hadi mabega yakatikisika.

"Kumbe iko inacheza."

Alizungushia kifurushi majani yale, tukaenda moja kwa moja bondeni na kungoja jua lipungue ndipo tukamwagilia.

Siku ya nne tulichimbua kando ya miche kwa vidole. Kiwavi wa kwanza alikuwa amelegea, rangi ya chai. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mzima, akajikunja, na mama akamfukia tena ili minyoo impate. Yule aliyekufa alimlaza kiganjani na kumtazama.

"Maskini," alisema. "Na yeye alikuwa anatafuta chakula."

Msimu ule hakuvuna shamba zima. Sehemu niliyoiharibu alipanda upya, na kabichi zake zilichelewa, zikabaki ndogo. Alinipa moja ya zile ndogo. Niliipika na karanga, nikala na dada yangu, na nilipomweleza imetoka wapi alitaka kujua kama minyoo imo. Nikamwambia aendelee kula.