Mtani Hutaniwa Akiwepo

Severina Kalinga alikuwa na sheria moja tu kuhusu utani, na aliirithi kwa baba yake huko Nyololo: mtani hutaniwa akiwepo. Mzee huyo alikuwa akiitwa kwenye misiba ya watani wake. Alivaa gunia, akalalamika kwamba marehemu amekufa makusudi ili akwepe kupalilia, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini hata hapo, alimwambia binti yake, jeneza lipo. Marehemu anasemwa mbele ya uso wake. Likishafukiwa, mtani anavua gunia na kunyamaza. Anayeendelea na maneno yale nyumbani kwake si mtani tena, ni msengenyaji.

Severina alikwenda na sheria hiyo Mbeya alipoolewa, na hakuiacha hata mumewe, dereva wa malori ya mbao, alipofariki na kumwachia watoto na meza ya maharage kwenye soko dogo la nafaka pembeni mwa Mwanjelwa. Watoto wakaenda shule za bweni. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo maneno yake yote aliyamaliza mchana, na karibu yote aliyamalizia kwa Zuena.

Zuena aliuza mchele meza ya pili. Babu zake walitoka pwani, mumewe Mrisho alikuwa Chunya kwenye machimbo madogo ya dhahabu, na yeye mwenyewe alikuwa Simba wa damu. Severina alikuwa Yanga. Timu hizo mbili ni watani wa jadi, na wanawake hao wawili walichukua utani huo kama watu wengine wanavyochukua ibada. Asubuhi baada ya mechi, Severina hakusalimia kwanza. Alitandika turubai, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchambua maharage taratibu.

“Mtani, timu yako jana ilikuwa inacheza mpira au ilikwenda kutazama wagonjwa?”

“Ilikuwa inawaonea huruma nyie. Na wewe kamwene,” Zuena alijibu kwa salamu ya Kihehe, aliyofundishwa na Severina mwenyewe.

“Funga meza uende Chunya kwa mumeo. Aibu hii utaibeba vipi hapa sokoni?”

“Nikienda Chunya, wewe utakula nini? Maharage kwa maharage?”

Soko zima lilijua maneno hayo. “Funga meza uende Chunya” ilikuwa kauli ya Severina kila Yanga iliposhinda, na jibu la Zuena lilisubiriwa na wanunuzi waliosimama na mifuko yao. Wakimaliza mpira, waliingia kwenye siasa. Severina alikuwa na maoni kwamba mgombea anayeanza kila sentensi na “kama mnavyofahamu” ni kwa sababu yeye mwenyewe hafahamu. Zuena alisema kura yake ni ya yule aliyewahi kununua mchele sokoni kabla ya kampeni. Kisha yakafuata ya nyumbani: michango ya harusi za watu wasiowajua, vijana wanaotoa shikamoo bila kuinua macho kwenye simu, wanaume wanaosema wamechoka na hawajafanya kitu. Karibu hakuna walilokubaliana. Wakati wa chai, Zuena alimega kitumbua, na kipande kikubwa kilikuwa cha Severina.

Ruwaida alikuja mwaka juzi na meza ya viungo, mkabala nao. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kusalimia. Hakuwa na kosa, na hilo nalisema mapema ili msomaji asilitafute. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa Yanga.

Severina angepaswa kufurahi kupata mwenzake. Badala yake aliona kwamba Zuena amepata mtani wa pili.

Ilianza asubuhi moja ambayo Simba walikuwa wamefungwa. Kabla Severina hajakaa sawa, Ruwaida aliinua sauti kutoka ng’ambo ya njia.

“Dada Zuena, pole. Beki wenu wa kulia anapanda halafu anasahau kurudi. Kama ametumwa dukani.”

Zuena alicheka mpaka akashika meza. “Mtoto huyu! Mtani, umemsikia? Kama ametumwa dukani. Huyu anaelewa mpira.”

Severina alitafuta jiwe kwenye maharage yaliyokuwa tayari safi. Miaka yote hiyo alikuwa amemfunga Zuena mabao ya maneno asubuhi baada ya asubuhi, na hakuwahi kuambiwa kwamba anaelewa mpira. Aliambiwa ana mdomo.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu vicheko. Alijua kicheko cha Zuena cha adabu, kile cha wateja, na kile cha kushika meza. Na cha kushika meza alikisikia kikienda ng’ambo ya njia. Ruwaida aliwaonyesha picha za mechi kwenye simu, na Zuena alivuka kwenda kutazama, akarudi na harufu ya iliki kwenye mikono. Kitumbua kilianza kugawanywa mara tatu. Vipande vilikuwa sawa, na Severina aliona usawa huo kama dharau.

“Siku hizi mtani unavuka barabara sana,” alisema.

“Njoo na wewe. Kwani kuna mto?”

“Maharage yangu hayajilindi.”

Zuena alimtazama kidogo, kisha akampimia mteja mchele.

Hapo ndipo ulipokuja uchaguzi. Wauza nafaka walikuwa na mwakilishi wao kwenye kamati ya soko, mzee mmoja anayeitwa Rabson, mtaratibu, asiye na baya wala jema. Wazo kwamba Zuena agombee lilikuwa la Severina. Alilisema miezi mingi kabla, kama utani, kisha akalirudia bila utani. Zuena alipochukua uamuzi, Severina alijiona tayari amesimama mbele ya mkutano akimnadi. Alikuwa ameshapanga maneno. Angeanza kwa kumtukana kidogo, watu wacheke, halafu angesema kwa nini anafaa.

Zuena alikuja kumwambia huku akijipangusa unga wa mchele.

“Mtani, nimefikiria. Ruwaida ndiye anisemee mkutanoni. Wewe ukisimama, watu watadhani tunaendelea na yetu. Wataishia kucheka tu.”

“Sawa,” alisema Severina.

“Hujakasirika?”

“Nikasirike kwa lipi? Yeye si ndiye anaelewa.”

Zuena alidhani ni utani, akampiga begani. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Nasema pia kwamba sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, kama mkutano wenyewe ulivyokuja kuonyesha.

Siku chache kabla ya uchaguzi, Mrisho alipata homa, na Zuena akaenda Chunya kumwangalia. Alifunika mchele wake, akamwachia Severina ufunguo wa sanduku kama siku zote, akasema atarudi keshokutwa. Meza ikabaki bila mwenyewe. Ruwaida, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kutaniana naye, aliuza viungo vyake kimya, na Severina akaona kwamba hata kimya chake kinamlilia Zuena.

Mchana akapita Veneranda, muuza unga wa safu ya nyuma, mwanamke ambaye habari humwingia upesi na kumtoka upesi zaidi.

“Mama, mwenzako yuko wapi?”

“Chunya,” alisema Severina. Aliendelea kuchambua. “Si nimesema siku zote? Anafunga meza anaenda kwa mumewe.”

Ni maneno yaleyale. Soko lilikuwa limeyasikia mara nyingi kuliko adhana. Lakini safari hii hapakuwa na wa kujibu kuhusu maharage kwa maharage, na Severina hakucheka.

Veneranda aliweka ndoo chini. “Moja kwa moja?”

Hapa ndipo sheria ilipovunjwa. Haikuvunjwa kwenye sentensi ya kwanza, ambayo ingeweza kumtoka mtu kwa mazoea. Severina alipewa nafasi ya kusema “hapana, mumewe anaumwa, anarudi keshokutwa.” Maneno hayo hayana uzito wowote. Mtoto angeyasema.

“Muulize mwenyewe akirudi,” alisema.

Jioni ile habari ilikuwa imezunguka safu zote: Zuena anahamia Chunya, anagombea kwa jina tu, akishinda nafasi itabaki wazi. Kesho yake Ruwaida alivuka njia kwa mara ya kwanza, akasimama mbele ya meza ya maharage.

“Shikamoo, mama. Watu wanasema dada Zuena anahama. Ni kweli?”

“Marahaba. Wewe si ndiye msemaji wake?”

“Hajaniambia kitu. Nimempigia simu hapatikani, kule machimboni mtandao unasumbua. Nikaona wewe ndiye unayemjua.”

Severina aliyasikia maneno hayo, wewe ndiye unayemjua, na yalimfurahisha. Aliyaweka mfukoni.

“Basi akirudi atakuambia. Kama wewe ni wa kuambiwa.”

Wapo wanaomtetea. Wanasema hakutamka uongo hata mmoja, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni Veneranda na mdomo wake. Mimi sikubali. Mtu anayeona uongo unapita mlangoni kwake na anaweza kuuzuia kwa neno moja, akaamua kuukalia kimya kwa sababu unamtendea kazi, huyo ni mwenye uongo huo sawasawa na aliyeuzaa. Wivu hautusamehe hapo. Severina alijua anachofanya. Aliwahi kuniambia alikijua kabla Veneranda hajainua ndoo yake.

Zuena alirudi asubuhi ya mkutano, akiwa na vumbi la Chunya kwenye baibui, na akaenda moja kwa moja ukumbini. Alisikia habari zake mwenyewe pamoja na watu wengine, baada ya Ruwaida kumaliza kusema. Ruwaida alikuwa amesema vizuri, juu ya mizani, juu ya kupokezana zamu za ulinzi. Mzee mmoja muuza ulezi akanyoosha mkono.

“Binti, umesema vizuri. Sasa tuambie, huyu mgombea wako anakaa Mbeya au anahama?”

Ruwaida alifungua mdomo, kisha akageuka kumtazama Severina. Watu wengi wakageuka pia. Zuena akasimama.

“Nani kasema nahama?”

“Watu wako wa karibu,” alijibu Veneranda kutoka nyuma.

Zuena alifikiri kidogo, na akaelewa nusu tu ya habari. Akatabasamu. Alikuwa na uhakika na rafiki yake.

“Ah, hilo la Chunya. Mtani, simama uwaambie. Waambie ni utani wetu.”

Severina alisimama. Ukumbi uliomwona akimtukana Zuena kwa miaka ulinyamaza kumsikiliza.

“Ni utani,” alisema. “Zuena hahami. Alikwenda kumtazama mumewe, anaumwa. Hahami.”

Mtu mmoja akaangua kicheko. “Haya, ameanza,” akasema mwingine, na ukumbi wote ukacheka. Walidhani wanasikia sehemu ya mchezo: Severina anasema hahami, sasa Zuena atajibu, watarushiana. Wakasubiri jibu. Kadiri Severina alivyorudia kwa sauti nzito kwamba anasema kweli, ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Zuena akiwa hayupo, walikuwa wamemwamini Severina kwa sentensi moja. Zuena akiwa amesimama mbele yao, hawakumwamini hata kidogo.

Mikono ilipoinuliwa, mingi ilikuwa ya kumchagua Rabson.

Zuena alimsubiri nje, karibu na matoroli. Hakuwa amelia.

“Uliyasema nikiwepo?”

“Hapana.”

“Ulicheka?”

Severina alitazama matoroli.

“Nimeuliza tu, dada Severina.”

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Ni jina la heshima, zuri kabisa, na Severina alilisikia kama mlango unaofungwa taratibu na mtu mwenye adabu.

Aliendelea kuitwa dada Severina kwa wiki zilizofuata. Zuena alimsalimia, alimpa chenji alipokosa, alimmegea kitumbua. Hakumtania. Yanga walishinda mechi moja katika siku hizo, na Severina alitandika turubai, akaweka ungo mapajani, akaanza.

“Mtani, timu yako jana…”

“Hongereni,” alisema Zuena, na akaendelea kupima mchele.

Mrisho alikuwa amemwomba mkewe aende Chunya kwa miaka, na kwa miaka Zuena alikataa. Alikuwa akisema kule hakuna watu wa kuzungumza nao, kuna vumbi na wanaume waliochoka. Mwisho wa mwezi ule akauza mchele uliobaki kwa bei ya jumla, akafunga magunia matupu kwa kamba. Severina alisimama pembeni akimsaidia kushika ncha.

“Usiende kwa ajili ya yale maneno,” alisema. “Nitakwenda safu kwa safu niwaeleze.”

“Utawaeleza nini? Watacheka. Soko zima limeshaniaga, dada Severina. Ngoja niende.”

Meza ya mchele aliichukua Ruwaida, maana aliachiwa yeye. Sasa wamekaa bega kwa bega, mmoja na viungo, mwingine na maharage. Ruwaida husema shikamoo kila asubuhi, na hainui sauti, kwa sababu Severina ni mkubwa wake. Pia ni Yanga wote wawili. Yanga wakishinda, Ruwaida husema “tumeshinda, mama,” na Severina huitikia “tumeshinda, mwanangu,” kisha kila mmoja hugeukia wateja wake.

Severina alitaka asigawane mtani wake na mtu. Ilimgharimu mtani mwenyewe, na kwenye soko lile hana mwingine.