Namba Iliyo Msalabani

Nakusanya bunduki kuukuu za jeshi la wakoloni, zile zilizoishia mikononi mwa wawindaji jeshi lilipopata silaha mpya. Ninazo kumi na moja nyumbani kwangu Kamalondo, katika mji huu wa migodi, zote zimezibwa mtutu na kila moja ina karatasi yake ya polisi. Kinachonikera ni muuzaji anayeunganisha vipande vya bunduki tatu kisha akaapa kwamba ni moja. Mtu wa aina hiyo namfungulia komeo la bunduki mbele ya macho yake. Kila kipande kilipigwa chapa kiwandani: namba nzima kwenye mtutu, tarakimu mbili za mwisho kwenye vipande vidogo. Zisipolingana namrudishia mzigo wake, na maneno yangu siku hiyo huwa si ya kanisani.

Babu yangu, baba yake baba, alikuwa askari kabla ya kuingia mgodini. Mama yangu ni mtoto wa mchimbaji aliyeuawa siku askari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma. Mama alikuwa bado anabebwa mgongoni. Babu alikuwa katika mstari ule wa askari, na hakuwahi kukana. Baba alipokwenda kumposa mama, babu aliapa mbele ya wazee wa upande wa mama kwamba asubuhi ile pini ya bunduki yake, ile inayogonga risasi, ilikuwa imevunjika, kwamba alivuta kifyatulio na risasi haikutoka, na kwamba pini nyingine alipewa baadaye. Wazee waliridhika. Wakala naye bukari, ugali wetu, katika sahani moja, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi na muuaji wa ndugu yake, na mama akaolewa.

Siku zake za mwisho babu alikuwa akirudia namba moja tu kitandani: 6247. Hapa mjini mzee akitaja namba, nani atauliza ni ya nini? Kila mfanyakazi wa mgodi alikuwa na matricule yake, namba ya kazi. Tukaichonga kwenye msalaba wake, chini ya jina. Baba naye alipofariki tukamzika kando yake.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja aliniletea bunduki kutoka Kasomeno, ilikokuwa kwa familia ya wawindaji. Nikasugua kutu kwenye mtutu kwa kitambaa chenye mafuta. 6247. Kwanza nilicheka. Kisha nikaketi sakafuni. Miaka yote ile babu alikuwa amelala chini ya namba ya bunduki.

Kosa langu ni kukimbilia kumwambia mama. Amepita miaka themanini na macho yake yamefifia, lakini akili ni kali. Aliiomba bunduki, akaiweka mapajani.

“Utatosha ile pini mu bunduki,” akasema. “Kama iko na namba moja na ya musalaba, basi haikuvunjikaka, alitudanganya. Mi siwezi kulala pembeni yake. Mutanizika kwa bakwetu.”

Nilifungua komeo nikiwa peke yangu, nikaitoa pini. Pini ilikuwa nzima, na chapa yake ilikuwa 47, ile saba ikiwa na mkia uleule wa saba ya kwenye mtutu. Haikuwahi kubadilishwa. Pini haisemi risasi ya nani ilimpata nani. Inasema tu kwamba babu aliapa uongo. Niliona aibu, kisha hasira, na tangu siku ile kila nikinusa mafuta ya bunduki nahisi babu yuko nyuma ya kiti changu, anasubiri nimalize.

Nina kopo la pini za akiba. Nikachagua yenye 13, nikaitia mahali pake. Mimi, ninayewatukana wauzaji.

Mama hakutaka kuambiwa, alitaka kuishika pini mwenyewe. Alipitisha ukucha juu ya chuma mara nyingi, taratibu.

“Hii iko moja na tatu,” akasema mwishowe. “Ya kwa musalaba iko ine na saba.”

Nikasema ndiyo, mama.

Akaniomba nimpeleke ukutani, kwenye picha ya babu. Picha ya baba huifuta vumbi kila Jumapili. Ya babu alikuwa akiiruka, na sote tulijifanya hatuoni. Safari hii aliifuta kwa pindo la kikwembe chake, pole pole, mpaka kioo kikang'aa.

“Bukwe, unisamehe,” alimwambia baba mkwe wake. “Miaka yote nilikufikiriaka mubaya.”

Humwomba msamaha kila Jumapili sasa, na mimi ndiye ninayemshika mkono. Ameshanionyesha upande wa baba atakaolala. Wiki iliyopita alinituma makaburini nikaipake rangi mpya ile namba ya babu, isifutike. Nilikwenda na kopo la rangi nyeupe, na ile pini ya 47 mfukoni.